Kazi Badala ya Posho: Jinsi Montana Ilivyojenga Bwawa na Kuchora Picha Wakati wa Shida

Kila ukame unapokuja, swali moja huulizwa barazani: je, watu wapewe posho bure mpaka mvua inyeshe, au wapewe kazi na mshahara? Na ikiwa ni kazi, ni kazi gani? Barabara? Lambo? Nyumba ya shule?

Mwezi huu twataka kukueleza, msomaji, jinsi swali hilo lilivyojibiwa mahali pamoja mbali na kwetu, katika jimbo la Montana, Marekani, kati ya mwaka 1933 na 1943. Huko Serikali iliwalipa watu mshahara ili wajenge bwawa kubwa, watengeneze barabara na wachimbe vyoo. Tena, jambo lililowashangaza wengi, iliwalipa wengine wachore picha katika kuta za posta. Soma mpaka mwisho, ndipo uamue mwenyewe kama fedha zile zilitumika vema.

NCHI YENYEWE

Montana iko upande wa magharibi wa Marekani, kaskazini kabisa, nayo imepakana na Kanada. Ukubwa wake ni kama maili za mraba 147,000, yaani karibu theluthi mbili za nchi ya Kenya. Lakini mwaka 1930 watu wake wote hawakufika 540,000. Magharibi ni milima na misitu. Mashariki ni mbuga tambarare yenye nyasi fupi, upepo mkali, baridi kali sana mwezi wa Januari, na mvua chache.

Tangu zamani hii ilikuwa nchi ya wenyeji wa asili, kama vile Blackfeet, Crow na Assiniboine, ambao waliwinda nyati. Baadaye wakaja wafugaji wa ng'ombe na kondoo. Kisha mwaka 1909 sheria mpya ilimruhusu mtu kupewa eka 320 za nchi kavu, mradi akae juu yake na kuilima. Makampuni ya reli yakaisifu sana nchi hiyo, na watu wakaja kwa maelfu, wengine wakiwa hawajapata kushika plau maishani mwao. Miaka ya kwanza mvua zilikuwa njema, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza bei ya ngano ilipanda. Basi watu wakapindua nyasi za mbuga, wakakopa fedha katika benki, wakanunua mashine na kuongeza ardhi.

Mwaka 1917 ukame ukaanza, na vita vilipokwisha bei ya ngano ikaanguka. Kati ya 1919 na 1925 mashamba kama 11,000 yaliachwa matupu, na nusu ya benki za biashara katika jimbo zilifungwa milango. Udongo uliokwisha kupinduliwa haukuwa tena na mizizi ya kuushika, nao upepo ukauchukua. Katika miaka ya 1920 Montana ndilo jimbo pekee la Marekani ambalo hesabu ya watu wake ilipungua.

Watu hawajapata nafuu, mara mwaka 1929 shida kuu ya biashara ikaingia Marekani yote na nchi nyingine za ulimwengu. Kufika 1933, kama mfanyakazi mmoja katika kila wanne huko Marekani hakuwa na kazi. Katika Montana ukame ulirudi, na panzi wakala kile kidogo kilichokuwa kimeota.

KAZI ZILIVYOPANGWA

Rais Franklin Roosevelt alishika madaraka mwezi wa Machi 1933. Watu wenye njaa ilikuwa lazima walishwe, na posho ya bure ilitolewa. Lakini Rais na wasaidizi wake waliona kwamba posho isiyo na mwisho humvunja mtu moyo. Mtu aliyezoea kula jasho lake huona haya kusimama foleni kila juma akiomba. Basi zikaanzishwa idara mbalimbali za kutoa kazi. Hapa tutataja mbili zilizojulikana zaidi vijijini.

Ya kwanza iliitwa kwa herufi CCC, nayo ilianza mwaka 1933. Iliwachukua vijana wasio na kazi, ikawaweka kambini chini ya maofisa wa jeshi, lakini si kwa kupigana. Kazi yao ilikuwa kupanda miti, kuzima mioto ya misitu, kutengeneza njia milimani, na kuzuia makorongo yasizidi kuchimbika. Kijana alilishwa, akavishwa, na kulipwa dola 30 kwa mwezi. Katika hizo, dola 25 zilipelekwa moja kwa moja kwa wazazi wake. Angalia jambo hili vizuri: kijana mmoja kambini aliilisha nyumba nzima kijijini, wala fedha hazikupotea njiani. Jioni waliotaka walifundishwa kusoma, au ufundi kama wa magari na useremala. Katika maeneo ya wenyeji wa asili kulikuwa na tawi lao wenyewe la kazi hiyo, na wengi wao waliweza kuifanya huku wakikaa kwao pamoja na jamaa zao.

Kama ukipata kufika Montana leo, utaweza kuona kazi ya vijana hao katika mapango yaitwayo Lewis and Clark Caverns. Kati ya mwaka 1935 na 1941 waliondoa mawe na mavi ya popo, wakatengeneza ngazi na njia ndani ya mlima. Mahali hapo pakawa mbuga ya kwanza ya wageni iliyo mali ya jimbo, na wageni wangali wanakwenda kutazama.

Idara ya pili iliitwa WPA, nayo ilianza mwaka 1935 ikafungwa 1943. Hii ilichukua watu wazima waliokuwa wakipokea posho, kwa kawaida mtu mmoja katika kila nyumba. Ilijenga barabara za vijijini, madaraja, shule na viwanja vya ndege. Wanawake wengi waliajiriwa katika vyumba vya kushonea nguo za watu maskini, na wengine walipika chakula cha mchana mashuleni. Kazi moja ya WPA ilichekwa sana, nayo ni vyoo. Katika Marekani nzima idara hiyo ilijenga vyoo vya shimo zaidi ya milioni mbili, vyenye sakafu ya saruji na kifuniko cha kuzuia nzi. Waliocheka walisahau kwamba homa ya matumbo na kuhara haviogopi kicheko. Mahali palipopata choo kizuri, maji ya kisima yalisalimika.

BWAWA LA FORT PECK

Kazi kubwa kuliko zote katika Montana ilikuwa bwawa la Fort Peck, juu ya mto Missouri. Lilianzwa mwezi wa Oktoba 1933 chini ya wahandisi wa jeshi. Madhumuni yalikuwa kuzuia mafuriko na kuyapatia maji ya kutosha vyombo vya mto huko chini, lakini zaidi ya yote kuwapa watu kazi upesi. Mwezi wa Julai 1936 watu 10,546 walikuwa kazini kwa wakati mmoja.

Labda utauliza, ukuta wa udongo wenye urefu wa karibu maili nne na kwenda juu futi 250 wawezaje kujengwa? Hawakubeba udongo kwa karai. Walijenga hapo hapo mashua nne kubwa zenye pampu, ingawa bahari ilikuwa mbali mno. Mashua hizo zilifyonza mchanga na matope chini ya mto na kuyasukuma kwa mabomba hadi penye ukuta. Maji yalipotulia, mchanga mzito ulibaki pande za nje, na udongo laini wa mfinyanzi ulishuka katikati, ukawa kama kizibo cha kuzuia maji yasipenye. Mto wenyewe ulipitishwa katika njia nne zilizochimbwa chini ya ardhi. Kazi ilimalizika mwaka 1940, na ziwa lililofanyika lina urefu wa maili 134, yaani zaidi ya safari ya Nairobi mpaka Nakuru.

Wahandisi walijengewa mji mzuri wenye miti na mabomba ya maji. Vibarua wengi, pamoja na wake zao na watoto, walijijengea vibanda vya mbao na makaratasi katika vijiji vilivyozuka kando kando, kama Wheeler na New Deal. Majira ya baridi yalikuwa ya taabu. Hata hivyo Serikali ilijenga pia jumba la sinema mwaka 1934, na picha zilionyeshwa mchana na usiku ili watu wa kila zamu wapate kuburudika. Jumba hilo lilikusudiwa kuwa la muda tu, lakini bado limesimama, na michezo ya kuigiza huonyeshwa humo wakati wa kiangazi.

Sasa lazima tueleze jambo la huzuni. Tarehe 22 Septemba 1938 sehemu ya ukuta ule iliteleza ikaingia ziwani, kwa kuwa mwamba uliokuwa chini yake ulikuwa na tabaka dhaifu za udongo. Watu wanane walikufa. Sita kati yao hawakupatikana, na miili yao ingali ndani ya bwawa hadi leo. Sehemu ile ilijengwa upya kwa mteremko mrefu zaidi. Mwenye kujenga hata lambo dogo la ng'ombe na akumbuke hayo: uzuri wa ukuta hauwezi kuponya ubaya wa ardhi iliyo chini yake.

KWA NINI KUWALIPA WACHORAJI?

Wakati huo huo Serikali iliamua kwamba majengo mapya ya umma yapambwe. Watu wengi walinung'unika. Walisema, mkulima amepoteza shamba lake, nanyi mwawalipa watu kupaka rangi! Majibu yalikuwa mawili.

La kwanza ni kwamba mchoraji pia ana tumbo. Watu wanapokosa fedha, picha ndicho kitu cha kwanza wanachoacha kununua, hivyo wachoraji walikuwa miongoni mwa wa kwanza kukosa riziki. Tangu Desemba 1933 hadi katikati ya 1934 ulikuwako mpango mfupi wa kuwalipa wachoraji mshahara wa juma kwa juma, na kuanzia 1935 WPA ilikuwa na idara yake ya sanaa kwa ajili ya wenye shida.

La pili ni kwamba jengo la umma ni la watu wote, na watu wa kijijini nao wastahili kuona kitu kizuri. Mwaka 1934 Wizara ya Fedha ilianzisha ofisi maalum ya kupamba majengo, hasa posta. Ofisi hii haikutoa msaada kwa maskini. Ilitafuta kazi bora. Kama senti moja katika kila dola ya gharama ya jengo iliwekwa kwa ajili ya picha au sanamu. Wachoraji waliposhindana, walipeleka michoro bila jina, na jina likafungwa ndani ya bahasha, ili waamuzi wasipendelee rafiki zao. Aliyechaguliwa alilipwa kwa mafungu: fungu moja mchoro ulipokubaliwa, jingine kazi ilipoendelea, na la mwisho picha ilipobandikwa ukutani. Kwa posta ndogo, mara nyingi fedha zote hazikufika dola elfu moja, na katika hizo mchoraji alijinunulia rangi na kujilipia safari.

Mbona posta? Kwa sababu kila mtu alifika huko. Mkulima asiyeingia jumba la makumbusho maisha yake yote alikwenda posta kuchukua barua na kutuma fedha. Alipokuwa akingoja zamu yake dirishani, aliinua macho akaona picha.

PICHA SITA ZA MONTANA

Katika Montana miji sita ilipata picha za namna hiyo: Dillon, Deer Lodge, Billings, Glasgow, Hamilton na Sidney. Yafaa uzijue baadhi yake.

Dillon ilipata picha yake mwaka 1938. Ilichorwa na Elizabeth Lochrie, mwanamke mzaliwa wa Deer Lodge, naye aliiita "Habari kutoka Majimboni". Yahusu siku za zamani, wakati walowezi waliokuwa mbali na kwao walipongojea barua kwa hamu. Mahali pa picha hiyo pasingeweza kuwa pengine ila posta.

Deer Lodge ilipata picha mwaka 1939 kutoka kwa mwanamke mwingine, Verona Burkhard. Yeye aliwachora ndugu wawili, James na Granville Stuart, wakitafuta dhahabu katika bonde lile lile ambamo mji huo umejengwa. Katika Billings, Leo Beaulaurier alichora safari ya kuswaga ng'ombe, kazi ambayo wazee wa mji waliijua kwa miguu yao wenyewe. Glasgow, mji ulio karibu na bwawa la Fort Peck, ulipewa picha ya Forrest Hill iitwayo "Maendeleo ya Montana". Katika Hamilton, Henry Meloy alichora kikosi cha vita cha watu wa Flathead. Na katika Sidney, J. K. Ralston, ambaye ujanani alikuwa mchunga ng'ombe, alimchora Jenerali Sully akifika penye mto Yellowstone. Picha hizi nne za mwisho ni za mwaka 1942, Marekani ilipokuwa tayari vitani. Mwaka 1943 mpango wote ukafungwa.

Utaona, msomaji, kwamba wengi wa wachoraji hao waliijua nchi ile, wala hawakuchora mambo ya Roma au Paris. Walichora mito, ng'ombe, barua na watu wa hapo hapo. Watu wa mji waliweza kusimama mbele ya picha na kubishana: tandiko la farasi halikuwa hivyo, au mlima ule hauko upande huo. Mtu habishani juu ya kitu asichokiona kuwa chake.

WENYEJI WA ASILI NAO WASEMA

Lakini tuulize pia: picha hizo zilisimulia habari za nani? Jenerali Sully alikuja nchi ile mwaka 1864 kupigana na Wasioux. Mlowezi aliitazama picha yake kwa fahari, lakini mjukuu wa Msioux aliweza kuitazama kwa uchungu. Mara nyingi wenyeji wa asili waliwekwa ndani ya picha bila ya wao kushika brashi.

Hata hivyo mahali pawili walipata nafasi. Katika mji wa Browning, katika nchi ya Blackfeet, jumba la makumbusho ya watu wa mbuga lilifunguliwa mwaka 1941. Picha za ukutani za kuwinda nyati zilizomo ni kazi ya Victor Pepion, ambaye mwenyewe ni wa Blackfeet. Mbao zilizochongwa ni kazi ya John Clarke, fundi wa kabila hilo hilo, ambaye tangu utotoni hakuweza kusikia wala kusema, lakini mikono yake ilisema kwa ajili yake.

Mahali pa pili ni katika kitabu. WPA iliwalipa pia waandishi. Katika Montana walitoa kitabu cha kuongoza wageni mwaka 1939. Mwaka 1942 wakatoa kitabu cha habari za Waassiniboine, ambacho James Long, mtu wa kabila hilo, alikiandika kwa kuwauliza wazee, na William Standing, wa kabila hilo pia, akakitia michoro. Wazee hao walikuwa wa mwisho kuyakumbuka maisha ya kabla ya nyati kwisha. Kama kazi hiyo ingaliahirishwa miaka kumi, mengi yangalizikwa pamoja nao. Bwawa laweza kujengwa mwaka huu au mwaka ujao. Mzee akifa hawezi kuulizwa tena.

FAIDA NA HASARA

Si haki kukuonyesha upande mmoja tu. Wakulima wa bondeni karibu na mto Missouri walinunuliwa ardhi yao, na mashamba yenye rutuba kuliko yote yakaingia chini ya ziwa. Umeme wa Fort Peck haukuanza mpaka 1943. Kazi ilipokwisha, vijiji vya vibarua vilibomolewa, na watu wakahama tena kutafuta riziki. Wengine waliwacheka watu wa WPA kwamba huegemea tu sepeto zao. Tena kazi hizi hazikumaliza shida ya biashara. Ni vita vilivyofanya kila mtu apate kazi.

Lakini watu walikula bila ya kuaibika. Barabara zilibaki, madaraja yalibaki, miti ilikua. Mwaka 1935 kama shamba moja tu katika kila kumi huko Marekani lilikuwa na umeme. Bwawa na vyama vya ushirika vya umeme vilivyoanzishwa katika miaka hiyo vilisaidia kulibadili jambo hilo. Na mtu akiingia posta ya Dillon kununua stempu, aweza kujua babu zake walivyoishi.

MAMBO YA KUSHIKA

Ukiwa katika kamati ya kijiji, au ukiitwa barazani kutoa shauri juu ya kazi za wakati wa ukame, haya yatakufaa:

1. Fedha ya shida na iache kitu nyuma yake. Posho huliwa leo. Lambo, daraja au choo hutumika miaka mingi.

2. Mshahara na ufike nyumbani. Mpango wa dola 25 kwa wazazi ulifaulu kwa sababu hakuna mkono mwingine ulioushika.

3. Pima ardhi kabla ya kujenga, wala usiharakishe kwa sababu watu ni wengi na kazi yatakiwa upesi. Watu wanane wa Fort Peck hawakurudi nyumbani.

4. Uliza ni nani atakayepoteza. Mwenye shamba litakaloingia maji asikilizwe kwanza, si mwisho.

5. Usidharau kazi ya fundi wa picha, mwandishi au mwimbaji. Gharama yake ni ndogo, na yaweza kudumu kuliko saruji. Ila yeye asimulie habari za watu wa mahali hapo, na watu hao wenyewe wapewe brashi na kalamu.

6. Tunza kilichojengwa. Lambo lisilozolewa tope hujaa, na picha isiyoangaliwa huchakaa.

Hayo ndiyo mafundisho ya Montana. Nchi ile ni ya baridi na ngano, nayo ya kwetu ni ya jua na mahindi, lakini mtu mwenye njaa ni yule yule: ataka chakula, na zaidi ya chakula ataka kuwa mtu wa maana mbele ya watoto wake. Serikali impayo kazi ya maana humpa vyote viwili.